Wanaanga wanaelea, lakini dunia haijaacha kuwavuta

Wengi wetu tukiona wanaanga wakielea ndani ya chombo husema: huko juu hakuna nguvu ya uvutano. Sivyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na hapo uvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu tunaouhisi chini. Ungejengwa mnara wa kimo hicho, ukasimama kileleni na kuachia chungwa, lingeanguka.

Kinachowafanya waelee ni kuanguka kwenyewe. Kituo kinaanguka muda wote, ila kinakwenda kwa kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa, hivyo kadiri kinavyoshuka, uso wa dunia nao unajipinda chini yake na hakiufikii kamwe. Watu, vijiko, matone ya maji, vyote vinaanguka pamoja na chombo. Hakuna sakafu inayowasukuma miguuni. Ni kama tumbo linavyoinuka gari likishuka mteremko ghafla, isipokuwa kwao hali hiyo haikomi.

Ndivyo walivyoelea pia Armstrong, Aldrin na Collins wakielekea mwezini Julai 1969, kwa kuwa karibu safari nzima injini zilikuwa zimezimwa. Na mwezi wenyewe, ulio umbali wa kilomita 384,000 hivi, ungeshatutoroka zamani kama uvutano wa dunia ungeishia hapo juu ya mawingu.