Je, wajua kwa nini kozi ya Odoo haikufundishi kuiunganisha na EFRIS?

Chukua duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Kikuubo, Kampala. Mauzo yanaingizwa kwenye Odoo au Tally, programu za kuendeshea biashara na kutunza hesabu. Wateja wengi wanalipa kwa MTN MoMo, yaani pesa za simu. Na kwa kuwa duka limesajiliwa kwa VAT, kila ankara sharti ipitie EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) ambao umekuwa lazima tangu Januari 1, 2021. Mwenye duka anataka kitu kimoja tu: karani akishabonyeza kuuza, hayo mengine yaende yenyewe bila mtu kuandika ankara ileile mara mbili.

Fundi wake anaingia mtandaoni kutafuta mafunzo. Ya Odoo yamejaa tele, ya Tally vilevile. Ya kuunganisha hizo na EFRIS anakuta video fupi inayoishia kwenye namba ya simu ya muuzaji.

Tatizo si kwamba nyaraka hazipo. Nyaraka za mfumo huandikwa na mwenye mfumo, naye hueleza upande wake tu. Odoo, kampuni ya Ubelgiji, inaeleza jinsi ya kutoa data ndani ya Odoo. URA inaeleza jinsi data inavyopokelewa EFRIS. Hapo katikati hapana mwenyewe, ndiyo maana hapana kozi. Anayesubiri kupata hati moja yenye kila kitu atasubiri sana. Kazi ni kufungua hati mbili au tatu kwa pamoja na kujua kila moja inajibu swali gani.

Anza na ile iliyo ngumu kubadilika, yaani ya URA. Wao wameitoa hati ya kiufundi kwa ajili ya wanaounganisha mifumo, ambayo kila huduma imepewa namba yake. T101 huuliza saa ya seva, T104 huomba ufunguo wa kufungia data, T109 hupeleka ankara, T130 husajili bidhaa, T131 huongeza au hupunguza stoki. Mgeni hukimbilia T109 moja kwa moja, maana ankara ndiyo anayodaiwa na bosi. Inakataliwa. Anakagua maandishi yake ya programu usiku kucha na haoni kosa, kwa sababu kosa haliko humo: saruji aliyoiuza haijulikani EFRIS. Bidhaa inatakiwa kwanza isajiliwe na msimbo wa aina yake na kipimo chake, kisha iwe na stoki, ndipo iuzwe. Duka linaweza kuwa na mifuko 200 ghalani na EFRIS ikaona sifuri. Hakuna mwalimu wa Odoo atakayekwambia hilo, kwa kuwa kwa Odoo si tatizo.

Mimi ningemshauri mtu aanze kuisoma hati ile kwenye misimbo ya makosa. Inachosha, lakini kila kosa pale ni sharti ambalo mwandishi hakulisisitiza mwanzoni.

Upande wa MoMo mambo ni mepesi zaidi. MTN ina tovuti ya watengenezaji programu ambako unajisajili bure na kupewa ufunguo wa mazingira ya majaribio, yaani mfumo wa kuigiza usio na pesa za kweli. Huko kuna vituko viwili vinavyowachanganya Waganda wengi. Sarafu ya majaribio ni EUR, si shilingi. Ukiandika UGX unakataliwa. Na namba za simu za majaribio huanza na 46, ambayo ni ya Uswidi, kwa kuwa jukwaa lenyewe ni la Ericsson. Usipoteze siku ukijaribu na namba yako ya 077.

Kuna jambo jingine ambalo limeandikwa wazi na bado watu hulipita. Ukituma ombi la malipo, seva hujibu kwa msimbo 202. Fundi anaona jibu limekuja, anaandika kwenye mfumo kwamba mteja amelipa, na mzigo unapakiwa. Lakini 202 inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja huenda hata PIN hajaiweka, au salio halitoshi. Ni lazima urudi uulize hali ya malipo kwa kutumia ile namba ya kumbukumbu uliyoitengeneza mwenyewe wakati wa kutuma ombi. Airtel Money nao wana tovuti yao na utaratibu wao, kwa hiyo usidhani ulichojifunza kwa MTN kinahamishika kama kilivyo.

Kwa programu yenyewe ya biashara, mafunzo ya bure ni mengi na mazuri: Odoo wana masomo kwenye tovuti yao, ERPNext, programu nyingine ya aina hiyo, wana Frappe School, Microsoft wana Microsoft Learn. Tahadhari ni moja tu, toleo. Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka, na video ya miaka minne iliyopita inaweza kukuonyesha kitufe ambacho hakipo tena. Kwenye nyaraka rasmi chagua kwanza namba ya toleo lililo kwenye kompyuta yako, ndipo usome.

Sasa hao wanaouza mafunzo mjini. Wapo wazuri, wapo wa kukupa cheti na picha ya pamoja. Kabla hujatoa shilingi, muulize mkufunzi: tutafanya kazi kwenye mazingira ya majaribio ya EFRIS na ya MoMo, au tutaangalia slaidi? Kisha mwombe akuonyeshe ankara moja iliyokataliwa na jinsi alivyoirekebisha. Aliyewahi kuunganisha kweli hakosi ankara kama hiyo, na atakuwa na kisa chake cha T109 cha kukusimulia kabla chai haijapoa.