Katiba ya India haikufuta matabaka

Kuna ujumbe haukauki kwenye magrupu: eti India ilifuta matabaka ya kuzaliwa mwaka 1950, kwa hiyo anayelalamika leo anatafuta huruma tu. Si kweli.

Katiba yenyewe inasomeka bure mtandaoni. Ibara ya 17 inafuta kitu kimoja: desturi ya kuwahesabu watu kuwa najisi wasioguswa. Neno tabaka halimo humo. Limo kwenye Ibara ya 15, inayokataza kumbagua mtu kwa tabaka lake, hata kwenye visima na mabwawa ya umma. Kama matabaka yangefutwa, katazo hilo lingekuwa la nini?

Mkanganyiko una mizizi. Wanamageuzi wenyewe hawakudai kitu kimoja. Wapo waliotaka matabaka ya juu yabadili mioyo na kufungua milango ya mahekalu. Wengine walitaka mfumo mzima ung'olewe, kwa sheria, elimu na uwakilishi. Mwaka 1927, mjini Mahad, magharibi mwa India, watu walioitwa najisi na kuzuiwa bwawa la umma walishuka wakachota maji kwa viganja, wakanywa. Baadaye waliowazuia walifanya ibada ya kulitakasa bwawa, kana kwamba limeingia uchafu. Inauma.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mtumie aliyekuletea ibara hizo mbili azisome mwenyewe.