Uthiramerur: Kura Bila Wapiga Kura

Watu wengi husimulia kwamba Uthiramerur, kijiji cha Tamil Nadu, kusini mwa India, kilikuwa na uchaguzi wa kidemokrasia miaka elfu moja na zaidi iliyopita, kila mwanakijiji akimpigia kura amtakaye. Maandishi yenyewe bado yako kwenye kuta za hekalu la Vaikunta Perumal, yamechongwa mwaka 919 na 921, zama za mfalme Parantaka wa Kwanza wa ukoo wa kifalme wa Chola. Yanasema mengine.

Hakuna aliyepiga kura kwa maana yetu ya leo. Majina ya waliostahili kuingia kwenye kamati za baraza la kijiji yaliandikwa kwenye majani ya mvumo, yakatiwa chunguni, kisha mtoto mdogo akachomoa jani moja mbele ya wote. (Kwa bahati, neno letu "kura" nalo asili yake ni bahati nasibu.)

Na waliostahili walikuwa wachache. Lilikuwa baraza la Wabrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu. Kwa kanuni za mwaka 921, mgombea awe na miaka 35 hadi 70, nyumba katika kiwanja chake, ardhi inayolipiwa kodi, na elimu ya Veda, vitabu vitakatifu vya Wahindu. Wanawake hawakuhesabiwa, seuze vibarua wa mashambani.

Kinachonivutia mimi ni ukali wao juu ya hesabu. Aliyewahi kukaa kwenye kamati, hata ile ya bwawa la kumwagilia, asitoe hesabu, alizuiwa kugombea yeye pamoja na jamaa zake.