Mtoto Kuchelewa Kusema: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Mtoto akitimiza miaka miwili bila neno, kila mtu huwa na maelezo yake. Shangazi anasema hata baba yake alichelewa. Jirani anasema ulimi umeshikwa. Mwingine analaumu simu, mwingine lugha mbili za nyumbani. Wote wana nia njema, na baadhi ya maelezo hayo yana ukweli kidogo ndani yake. Tatizo ni kwamba yanamtuliza mzazi kabla mtoto hajapimwa masikio, na masikio ndiyo ya kwanza kuangaliwa.

"Anasikia vizuri, mlango ukibamizwa anashtuka"

Kushtushwa na kishindo hakuthibitishi kwamba mtoto anasikia maneno. Anaweza kusikia mlango, ngoma na honi, lakini asizipate sauti nyembamba kama s, f na sh, ambazo hutamkwa kwa nguvu ndogo. Ukimwambia "shati", yeye anapata "ati". Hata mtoto aliyezaliwa kiziwi hulia na kutoa visauti vya kichanga kama wengine miezi ya mwanzo. Dalili hujitokeza pale silabi za "ba-ba-ba" na "da-da-da", ambazo kwa kawaida husikika kabla ya miezi 10, zinapokosekana.

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hadi watatu huwa na upungufu wa kudumu wa kusikia. Wengine huupata baadaye, kwa mfano baada ya homa ya uti wa mgongo, au baada ya kutumia baadhi ya dawa kama gentamaisini. Manjano makali ya siku za mwanzo yasipotibiwa mapema yanaweza kuharibu njia za kusikia. Virusi vya sitomegalo ambavyo mtoto ameambukizwa tumboni vinaweza kumpunguzia usikivu miezi au miaka baada ya kuzaliwa, ingawa alipozaliwa alipimwa akaonekana mzima. Kwa hiyo kipimo kizuri cha zamani hakimalizi mjadala.

Halafu kuna ute unaobaki nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua. Mara nyingi hauumi wala hautoi usaha. Unachofanya ni kupunguza usikivu, wiki hii zaidi, wiki ijayo kidogo. Leo mtoto kaitika, kesho ameitwa mara tano hageuki, na nyumbani anaitwa mkaidi. Inaniuma kuona mtoto anagombezwa kwa sauti ambayo hakuisikia. Aghalabu ute huo huisha wenyewe. Ukipita miezi mitatu, daktari wa masikio anapaswa kumwona.

"Ni wa kiume, na kwao huchelewa, atasema tu"

Ni kweli wasichana hutangulia kidogo. Lakini tofauti hiyo ni ndogo, haitoshi kueleza kwa nini mtoto wa miaka miwili hana neno hata moja. Tena wavulana ndio wanaopata matatizo ya lugha kwa wingi zaidi, na kuwa na mzazi au ndugu aliyechelewa kusema ni mojawapo ya vihatarishi vinavyojulikana vizuri. Yaani mambo mawili yanayotajwa ili kumtuliza mama ndiyo ambayo mtaalamu angeyaandika kwanza kwenye faili.

Sitaki kumtisha mtu. Watoto wengi wanaochelewa wakiwa na miaka miwili huwafikia wenzao baadaye. Wataalamu huanza kufuatilia mtoto wa miezi 24 asiyefikisha maneno 50, au ambaye bado haunganishi mawili kama "mama njoo". Kinachowatia wasiwasi zaidi ni mtoto huyo akiwa pia haelewi anachoambiwa, au haonyeshi vitu kwa kidole.

Kuelewa kwenyewe hudanganya. Mzazi anasema "lete kiatu" huku anakitazama kiatu, pengine na mkono umeshanyooshwa. Mtoto anafuata macho na mkono, kiatu kinaletwa, na nyumba nzima inaapa kwamba anaelewa kila kitu. Jaribu mikono ikiwa mapajani, macho kwa mtoto, na wakati ambao si wa kuvaa. Tazama atakwenda wapi.

"Lugha mbili zinamchanganya"

Hazimchanganyi. Lugha mbili hazisababishi tatizo la lugha, na mtoto mwenye tatizo atalionyesha katika zote mbili. Kosa huwa kwenye kuhesabu: mwenye maneno 30 ya lugha ya mama na 25 ya lugha ya baba ana 55, ila ukimpima kwa lugha moja utadhani yuko nyuma. Kumshauri mama aache lugha aliyoizoea ni kumnyima mtoto mazungumzo yenye utajiri zaidi nyumbani. Lugha ya alama nayo haizuii usemi.

"Ulimi umeshikwa, ukatwe"

Utando mfupi chini ya ulimi unaweza kusumbua kunyonya, na pengine baadhi ya matamshi. Haumfanyi mtoto akose maneno wala ashindwe kuelewa.

"Katuni zinamfundisha maneno"

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliochezewa na kusomewa na mtu wa kweli walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliomwona mtu yuleyule kwenye televisheni hawakuonyesha kujifunza. Katuni haisubiri mtoto ajibu, haioni alichokikodolea macho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi kabisa skrini kabla ya miaka miwili, na kuanzia miwili hadi minne linasema isizidi saa moja kwa siku.

"Mama hamsemeshi"

Kusemeshwa husaidia, hasa kule kupokezana zamu: mtoto anatoa sauti, unajibu, unamngoja. Lakini kuna watoto wanaosemeshwa asubuhi hadi jioni na bado lugha haiji. Takriban watoto 7 kati ya 100 wana tatizo la ukuaji wa lugha ambalo halielezwi na uziwi, usonji wala udumavu wa akili, na urithi una mchango mkubwa ndani yake. Kumwelekezea mama kidole hapo ni kumwonea, na kunamfanya afiche tatizo. Kwa mtoto njiti, kumbuka kuhesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, mpaka afike miaka miwili. Hatari yake iko juu kuliko ya wengine, lakini asipimwe kwa kalenda isiyo yake.

"Bado mdogo, hawezi kupimwa"

Vipimo vya usikivu hufanyika hata kwa mtoto wa siku moja, akiwa usingizini. Lengo ni apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Aliyepitwa na hapo apimwe sasa, kwa umri wowote alio nao. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea asingojeshwe hata kidogo. Mpelekeni wiki hiyohiyo, na mweleze daktari ni maneno gani alikuwa anayasema na mara ya mwisho mliyasikia lini.