Je, wajua kwa nini nyuki mmoja huingia peke yake kwenye tundu la ukuta?

Katika vijiji vya Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, mvua zinapokolea na alizeti kuchanua, si ajabu kumwona nyuki mmoja akiingia na kutoka kwenye tundu dogo la ukuta wa tembe. Ni rahisi kumdhania mpelelezi wa kundi linalotafuta makao, lakini hakuna kundi linalokuja. Huyo ni nyuki mpweke, na kati ya aina zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana duniani, zilizo nyingi huishi hivyo, bila malkia, bila vibarua na bila akiba ya asali. Asichanganywe na wale ambao wafugaji huwaita nyuki wadogo, wasiodunga, kwani hao huishi kwa kundi.

Kumtambua kunataka utulivu. Hesabu mabawa kwanza: nyuki anayo manne, nzi mawili tu. Kisha tazama anapobeba chavua. Nyuki wa asali huibeba kwenye miguu ya nyuma, ikiwa imelowanishwa na kukandwa kuwa donge, ilhali nyuki mkata-majani, mmojawapo wa nyuki wapweke, huibeba kavu kwenye manyoya ya chini ya tumbo, hata anapotua mlangoni utadhani amelalia unga wa manjano. Majani yenye mikato laini ya mviringo pembezoni ni dalili yake nyingine.

Vipande hivyo vya majani ndivyo anavyojengea. Virefu kidogo hukunjwa kuwa kuta za chumba chenye umbo la kikombe. Ndani yake mama huweka chavua iliyochanganywa na nekta, hutaga yai moja juu yake, kisha hufunika kwa vipande vya duara na kuanza chumba kingine mbele. Jambo la kustaajabisha, kwangu mimi, ni mpangilio wa mayai: kwa kawaida ya majike hutangulia ndani kabisa na ya madume hukaa karibu na mlango, kwa sababu madume hutoka mapema zaidi.

Jike anaweza kudunga akibanwa mkononi, lakini hamfukuzi mtu. Nyuki wapweke wengine huchimba ardhini penye udongo mtupu. Nyuki seremala, mkubwa na mara nyingi mweusi, hutoboa miti mikavu.

Ukitaka kukandika ukuta upya, angalia matundu kwanza. Lililozibwa kwa majani makavu lina watoto ndani, na udongo mbichi ukipita juu yake hawatapata pa kutokea.