Je, wajua ni njiwa yupi wa Dar aliyeletwa na watu?

Mpige picha njiwa wa kijivu mwenye utepe mweusi nyuma ya shingo, katika mwarobaini wowote wa Upanga au Sinza, kisha mtafute intaneti. Ni rahisi kuangukia jina la Streptopelia decaocto, njiwa wa Asia na Ulaya. Hapo ndipo unaposikia kwamba hata tetere kaletwa, kama kunguru wa India aliyefikishwa Zanzibar miaka ya 1890.

Sivyo. Huyo decaocto ni mgeni kweli, lakini huko Marekani: mwaka 1974 baadhi yao walitoroka vizimbani huko Nassau, Bahamas, wakavuka hadi Florida, wakatapakaa. Tetere wetu ni wenyeji. Aliyeletwa ni yule asiyeshukiwa na mtu, njiwa manga wa kwenye mabati ya Kariakoo: shingo inang'aa kijani na zambarau, bawa mara nyingi lina mistari miwili myeusi, utepe hana. Asili yake ni njiwa wa majabali, ndiyo maana hupenda kingo za maghorofa.

Kazi iko kwa tetere wenye utepe, maana wako wawili. Streptopelia capicola ana jicho jeusi. Streptopelia semitorquata ni mkubwa zaidi, jicho lake jekundu limezungukwa na ngozi nyekundu. Jicho linataka uwe karibu, mkia hautaki. Manyoya ya mkia hukaa kama karata zilizofungwa mkononi: ndege akitulia, unaona lile la juu tu, na la juu halisemi kitu. Anapotaka kutua huyatandaza yote apunguze mwendo, na ya pembeni yanajitokeza. Kwa capicola utaona ncha nyeupe kabisa. Kwa semitorquata, kijivu kilichofifia. Kwa hiyo mvizie anayetua, si aliyekwisha tua.

Sauti nayo husaidia: capicola hurudia mapigo matatu bila kuchoka, mwenzake sita. Kinda utepe wake haujakolea, hivyo shingo tupu peke yake haitoshi kumwita ndege mgeni.

Yuko pia Spilopelia senegalensis, mdogo, asiye na utepe nyuma, ila kifua chekundu-kahawia chenye madoa meusi. Huyu ni wa Afrika tangu zamani. Ila ukimkuta Perth, Australia, walikomwachilia mwaka 1898, huyo kaletwa.