Je, wajua? Kwa nini hekalu maarufu la Bangkok limevikwa vipande vya sahani

Ukisimama kwenye gati la Tha Tien, katikati ya pilikapilika za Bangkok, utaona ng'ambo ya mto Chao Phraya mnara mrefu wenye ncha, kama uliochongwa kwenye jiwe la rangirangi. Hilo ni hekalu la Wat Arun, lile lile lililo kwenye sarafu za baht 10 za Thailand zilizotolewa kabla ya 2018. Familia nyingi hupiga picha kutoka gatini kisha zikaondoka. Ni hasara kubwa, kwa sababu maajabu ya Wat Arun huonekana ukiwa umelisogelea.

Panda kivuko, uvuke mto kwa dakika chache, utembee hadi kwenye kuta za mnara. Hapo utagundua kwamba ulichodhani ni jiwe ni vyombo vya mezani. Kuna vipande vya sahani, bakuli na vikombe vya kauri ya Kichina, vimekatwa na kupangwa vikawa petali, majani na mashada ya maua. Katikati ya ua moja utakuta kisahani kizima, kwingine kitako cha bakuli, na hapa na pale makombe ya baharini. Mnara una zaidi ya mita 60 kwenda juu, na pambo hilo limeufunika kuanzia chini hadi karibu na kilele. Mtoto yeyote atauliza: nani alivunja vyombo vyote hivi, na kwa nini akavibandika hekaluni?

Jibu linaanzia baharini. Siam, kama Thailand ilivyoitwa zamani, ilifanya biashara kubwa na China. Majahazi yake yalipakia mchele, pilipili manga na mbao, shehena nzito zinazokituliza chombo majini. Kurudi kulikuwa na shida yake. Hariri na chai ni bidhaa za thamani lakini nyepesi, na jahazi jepesi huyumba kwa wimbi dogo tu. Kwa hiyo mabaharia walijaza farumi, yaani vitu vizito vya kukituliza chombo, ngamani chini ya jahazi: sanamu za mawe, mitungi, na vyombo vya kauri vya bei rahisi. Safari zenyewe zilifuata pepo za msimu, zile zile ambazo mabaharia wa pwani yetu wanaziita kaskazi na kusi. Ya kaskazi iliwashusha kutoka China hadi Bangkok, na ya kusi ikawarudisha. Katika safari ya namna hiyo vyombo vingi vya kauri huvunjika, na bandarini vigae vikalundikana.

Hapo anaingia mfalme Rama III, aliyetawala kuanzia 1824 hadi 1851. Kabla ya kukalia kiti, alisimamia biashara ya baharini wakati wa utawala wa baba yake, Rama II, na akaifahamu sana hata baba yake akamtania kwa kumwita Chao Sua, yaani tajiri wa biashara. Alipenda mno sanaa ya Kichina. Baba yake alikuwa ameanza kuurefusha mnara wa Wat Arun, naye akaukamilisha. Mtu wa namna hiyo hakuona takataka katika lundo la vigae. Aliona rangi ambazo fundi wa Siam asingeweza kuzipata kwa urahisi.

Lakini urembo peke yake hautoshi kueleza uamuzi huu, na mimi naona sababu ya pili ina uzito sawa. Kiini cha mnara ni matofali yaliyopigwa lipu ya chokaa, na Bangkok hunyeshewa mvua nzito kuanzia Mei hadi Oktoba. Lipu hunywa maji ikaota ukungu, na rangi iliyopakwa juu yake hupauka. Kauri iliyochomwa ikang'arishwa hainywi maji, na ua lake la bluu halififii juani. Kinachochakaa ni chokaa iliyo kati ya vipande. Ndiyo maana hekalu lilifanyiwa ukarabati mkubwa kati ya 2013 na 2017, na lilipofunguliwa upya watu wengi walishangaa lilivyo jeupe, maana walizoea weusi wa ukungu.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatakuwa mgeni kabisa hapa. Kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, na kwenye kaburi la mnara la Mambrui, wazee wetu nao walipachika sahani na bakuli za Kichina katika chokaa, ingawa wao walipendelea chombo kizima kimoja kimoja. Bahari ni ile ile na pepo ni zile zile, kwa hiyo si ajabu wazo likafanana.

Ukienda na familia, nenda asubuhi. Mnara unaelekea mashariki, jua linaupiga usoni na kauri inametameta, na joto halijawachosha watoto. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja mkobani itakuokoa. Ngazi za mnara ni za mwinuko mkali, kwa hiyo wadogo washikwe mkono. Wape kazi ya kutafuta kisahani kizima ambacho hakikuvunjika, nao hawatauliza tena mtaondoka saa ngapi.

Kisha vukeni kurudi Tha Tien, mwende hekalu la Wat Pho, hatua chache kutoka gatini. Huko kuna Buddha aliyelala mwenye urefu wa mita 46, na pembeni bakuli 108 za shaba ambamo wageni hudondosha sarafu moja moja huku zikilia. Watoto huipenda sana kazi hiyo. Mkiketi mbele ya sanamu, kunjeni miguu nyuma, kwani kumwelekezea Buddha nyayo ni utovu wa adabu. Mkitoka, tazameni malangoni mawe marefu yaliyochongwa sura za walinzi, baadhi yao wamevaa kofia ndefu za Kizungu. Nao pia walisafiri kutoka China wakiwa farumi.